Hina ya Majani au Piko: Bibi Harusi Achague Ipi?

Katika harusi nyingi za Pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Pemba, mchora hina huuliza swali moja kabla hajafungua mkoba wake: achore kwa hina, kwa piko (ile rangi nyeusi ya dukani), au kwa vyote viwili? Mara nyingi jibu hutolewa kwa haraka, kwa kutazama picha kwenye simu, na anayelitoa huwa ni dada au wifi, si yule atakayebaki na rangi hiyo mwilini. Makala haya yanaweka vitu hivyo viwili kando kwa kando kwa ajili ya bibi harusi mwenyewe, na kwa ajili ya mama, shangazi na somo, yaani kungwi, wanaomwandaa. Ni haki msomaji ajue mapema nimeegemea wapi: kwenye ngozi nachagua hina ya majani, na naamini kwamba wengi wanaochagua piko hawafuati weusi wake tu, bali wanafuata wepesi wake wa kutoa rangi kwa sababu ratiba ya harusi haikuiachia hina nafasi.

Vitu viwili visivyo na asili moja

Hina ni majani ya mhina, mti mdogo ambao wanasayansi huuita Lawsonia inermis na ambao huota vizuri katika nchi zenye joto na ukame. Majani hukaushwa, husagwa na kuchekechwa hadi yawe unga laini wa rangi ya kijani. Ndani ya unga huo mna rangi iitwayo losoni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa jani kavu. Unga ukikandwa kwa maji yenye uchachu kidogo, kama ya ndimu au ya ukwaju, losoni hutoka polepole kwa saa kadhaa, kisha hupenya tabaka la juu la ngozi na kushikamana na protini iitwayo keratini. Kwa hiyo viganja na nyayo, ambako tabaka hilo ni nene, hukolea kuliko mahali pengine popote, na kwa hiyo pia rangi hujiondokea yenyewe katika wiki 1 hadi 3, kadiri ngozi ya juu inavyopukutika na kujijenga upya.

Piko si hina iliyopikwa ikawa nyeusi, ingawa wako wauzaji wanaoinadi hivyo, kwani hakuna mhina unaotoa rangi nyeusi. Unga unaouzwa kwa jina la piko ni rangi ya nywele iliyotengenezwa kiwandani, na kinachoipa weusi kwa kawaida ni kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwenye paketi huandikwa kwa kifupi PPD. Kemikali hiyo imeruhusiwa katika rangi za nywele kwa masharti. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 katika mchanganyiko unaofika kichwani na hauruhusu kabisa kuitumia kuchorea ngozi. Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, nayo haijaidhinisha PPD ipakwe kwenye ngozi, na hata hina yenyewe imeidhinishwa huko kwa nywele tu. Masharti hayo yaliwekwa kwa kuzingatia nywele ambazo huoshwa baada ya muda mfupi. Mchoraji anayekoroga unga huo kwa maji kidogo ili uwe mzito wa kuchoreka, kisha akauacha mkononi mpaka ukauke, ameuvuka mpaka huo mbali sana. Katika nchi mbalimbali zimepimwa sampuli za rangi nyeusi za kuchorea ngozi na kukutwa na PPD iliyozidi asilimia 10.

Rangi, saa na subira

Kwa upande wa sura, piko ina ubora ambao haifai kuukana. Hutoa mstari mweusi, mwembamba na mkali, unaoonekana barabara nyuma ya mkono, kwenye muundi na hata mgongoni. Kwa bibi harusi mwenye ngozi nyeusi tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu wekundu wa hina nyuma ya mkono wake unaweza kuonekana kwa shida, hasa katika picha zinazopigwa usiku. Ndipo ulipozaliwa mtindo unaopendwa sana na mabibi harusi wa Pwani, ule wa maua makubwa yaliyojazwa hina nyekundu na kuzungushiwa piko, yakipanda kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Ni kazi nzuri kwa macho, na wanawake wanaoichora kwa mkono mtupu, bila kuchora ruwaza kwanza kwa penseli, ni mafundi kweli kweli.

Tofauti kubwa zaidi, hata hivyo, iko kwenye saa. Piko hukauka na kutoa rangi kamili ndani ya saa moja au mbili, na bibi harusi akaondoka na kile alichokiona. Hina haina tabia hiyo. Rojo linatakiwa likae mwilini kwa saa 4 hadi 8, na likibanduliwa rangi inayoonekana ni ya machungwa, ambayo humvunja moyo asiyeijua. Wekundu wenyewe, ule wa kuelekea kahawia iliyoiva, hujitokeza baada ya saa 24 hadi 48, wakati losoni inapoendelea kubadilika kwa kukutana na hewa. Bibi harusi aliyepakwa hina Alhamisi jioni ili aolewe Ijumaa mchana ataingia kwenye picha akiwa na mikono ya rangi ya chungwa, kisha hina yake itang'ara vizuri Jumamosi jioni, wageni wakiwa wameshatawanyika. Watu husema hina hiyo haikukolea. Ukweli ni kwamba ilipakwa siku moja baadaye kuliko ilivyostahili.

Mpangilio wa shughuli za harusi nao huchangia. Singo na liwa, vipako vya kusugulia mwili wa bibi harusi, huondoa tabaka lile lile la juu ambalo hina inalitegemea, kwa hiyo kusinga hutangulia na hina hufuata, wala si kinyume chake. Mafuta ya mwili nayo hayapakwi siku ya kuchorwa, kwa kuwa huzuia rangi kupenya. Rojo likiisha kukauka hubanduliwa kwa kukwanguliwa, halioshwi kwa maji, na maji hukwepwa kwa saa kadhaa kadiri inavyowezekana. Wengi hupaka mafuta ya nazi juu ya hina kabla ya kugusa maji mara ya kwanza. Joto husaidia pia, na mikono iliyofunikwa hukolea kuliko iliyokaa mbele ya feni au kiyoyozi usiku kucha. Mambo haya yote mafundi wa zamani wanayajua, lakini hayawezekani pale ambapo saluni imemwita mchoraji saa tatu usiku na sherehe ni kesho.

Ngozi, mahali ambapo ulinganisho hauko sawa

Hapa sioni namna ya kuzipa pande mbili uzito ule ule. Wanawake wengi wamepakwa piko mara moja, mbili au zaidi bila kuona dhara lolote, na kila mmoja wao ni shahidi wa kweli wa ngozi yake. Tatizo ni jinsi PPD inavyofanya kazi. Mara ya kwanza mwili unaweza kuipokea kimya kimya huku kinga yake ikijifunza kuitambua kama adui, jambo linaloweza kuchukua wiki moja au mbili. Mara inayofuata, baada ya saa chache au siku mbili tatu, huanza mwasho, kisha wekundu, kisha malengelenge yanayofuata mchoro wenyewe, ua kwa ua na jani kwa jani. Yakishapona yanaweza kuacha makovu, mabaka meupe au weusi uliozidi, na baadhi ya alama hizo hazifutiki. Madaktari wa ngozi barani Ulaya wamewaona mara nyingi wagonjwa wa namna hiyo miongoni mwa watalii wanaorudi kutoka likizo katika fukwe mbalimbali walikochorwa picha nyeusi za muda mwilini.

Jambo linalosahaulika ni kwamba mzio huo, ukishaingia, kwa kawaida hukaa maisha yote, na hauishii kwenye michoro ya harusi. Mwanamke aliyepata malengelenge ya piko akiwa na miaka 20 anaweza kufika miaka 45, akataka kuficha mvi kwa rangi ya kawaida ya nywele, uso ukamvimba hadi macho yakafumba. Mzio wa PPD unaweza pia kuambatana na mzio wa vitu vinavyofanana nayo kikemikali, kama rangi nyeusi za baadhi ya vitambaa na dawa ya ganzi iitwayo benzokaini. Si kila mtu atafikwa na hayo, wala siandiki ili kumtisha bibi harusi wiki ya furaha yake, lakini kulipa gharama ya miaka mingi kwa mchoro wa siku kumi ni biashara ambayo mtu anapaswa kuijua kabla hajanyoosha mkono.

Wengine hushauri piko ijaribiwe kwanza kwa tone dogo nyuma ya sikio. Ushauri huo ni wa nia njema lakini una kasoro mbili: tone lisilowasha leo halithibitishi kwamba mchoro wa mikono miwili hautawasha wiki ijayo, na tone lenyewe ni miongoni mwa yale yanayoweza kuufundisha mwili kuichukia kemikali hiyo. Ikiwa mtu ameshapakwa na mkono umeanza kuwasha, aoshe kwa sabuni na maji mengi, asijikune, na amwone daktari bila kungoja harusi imalizike. Uvimbe wa uso au shida ya kupumua ni dharura ya kukimbizwa hospitali saa ile ile.

Hina ya majani nayo haina kinga ya kila kitu. Mzio wake upo, ingawa ni nadra. Hatari kubwa iliyothibitishwa ni kwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayopatikana kwa wingi katika maeneo yenye malaria, mwambao wetu ukiwamo. Kwa mwenye upungufu huo losoni inayopenya ngozi inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, na walioathirika zaidi katika taarifa za kitabibu ni watoto wachanga waliopakwa hina mwilini. Kwa hiyo desturi ya kumpaka mtoto mchanga viganja na nyayo ili naye apendeze kwenye harusi ya shangazi yake ni bora iachwe, na mtu mzima anayejua kwamba ana hali hiyo azungumze na daktari wake kwanza.

Koni za dukani

Kati ya unga wa majani na piko kuna koni zilizotengenezwa tayari, ambazo siku hizi ndizo zinazotumiwa na wengi, na ambazo huwachanganya wanunuzi kwa kuwa zote zimeandikwa hina. Kipimo rahisi ni uhai wa rojo. Hina ya majani iliyokwisha kukandwa ni kitu kinachochacha; katika joto la Pwani hupoteza nguvu ndani ya siku chache, na njia ya kuihifadhi ni kuigandisha kwenye friza. Koni iliyokaa rafuni miezi sita bila ubaridi, na bado inatoa rangi kali, ina kitu kingine ndani yake. Koni inayoahidi weusi au wekundu mzito kwa dakika 15, rojo ambalo ni jeusi tangu likiwa ndani ya koni, na harufu kali inayofanana na petroli au dawa ni dalili za kutosha za kuirudisha. Rojo la hina safi lina rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, hunukia majani, na doa lake la kwanza ni la machungwa. Napendelea mchoraji anayekanda mwenyewe, kwa sababu akiulizwa alichokitia anaweza kujibu.

Ibada na mila

Kwa Waislamu ambao ndio wengi wa wanaotumia hina mwambao, suala la udhu halitofautishi sana vitu hivi viwili. Kinachobaki baada ya rojo kubanduliwa ni rangi tu, si tabaka, kwa hiyo maji huifikia ngozi na udhu husihi, tofauti na rangi ya kucha ya kawaida. Wakati rojo bado liko mkononi, maji hayafiki, na ndiyo sababu hina ya saa nyingi hupangwa vizuri baada ya sala ya Isha, au katika siku ambazo mwanamke hana sala. Baadhi ya watu huikataza piko kwa kutaja hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, ambapo Mtume, alipoletewa baba yake Abu Bakr siku ya kufunguliwa Makka, aliagiza mvi zake zibadilishwe rangi na weusi uepukwe. Hadithi hiyo inazungumzia nywele zenye mvi, na wanazuoni wametofautiana hata katika hukumu yake kwa nywele. Kuipeleka moja kwa moja kwenye maua ya mkononi ni kuinyoosha zaidi ya ilivyosemwa. Hoja yenye uzito zaidi kwa mwenye kufuata dini ni ile ya jumla ya kutojidhuru, na hoja hiyo inarudi kwenye habari ya ngozi.

Kimila, hina ndiyo yenye mizizi. Ni alama ya mwanamke aliye katika ndoa na furaha kiasi kwamba mjane aliye eda, kwa miezi yake minne na siku kumi, haigusi. Mwaka 2024 UNESCO iliingiza hina, pamoja na desturi zake, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika kwa maombi ya pamoja ya nchi za Kiarabu, Oman na Yemen zikiwamo. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba Pwani ya Waswahili, iliyochanganya damu na desturi na nchi hizo mbili kwa karne nyingi, haikuwa miongoni mwa waombaji. Piko imeingia katika mila hiyo kama mgeni wa dukani, ikakaribishwa kwa sababu ilipatikana kwa urahisi na kuokoa muda.

Uamuzi kwa kila hali

Mwenye nafasi ya siku mbili kamili kati ya kuchorwa na kupambwa hana sababu ya kutafuta piko. Achukue unga mpya, akandiwe mapema, achorwe usiku, alale nayo, na siku ya nikaha wekundu utakuwa umefika mahali pake. Ikiwa ngozi yake ni nyeusi na anahofia kwamba maua hayataonekana, fundi mzuri atahamishia uzito wa kazi mahali ambapo hina hukolea: viganja vilivyojazwa, ncha za vidole zilizochovywa, nyayo na kingo zake. Nyuma ya mkono atachora mistari minene na maua makubwa yenye nafasi wazi katikati, badala ya nakshi nyembamba za mtindo wa Kihindi, ambazo juu ya ngozi nyeusi hupotea. Maua makubwa ndiyo mtindo wa Pwani tangu hapo, kwa hiyo hatakuwa amepoteza kitu.

Mwenye harusi ya haraka ana uchaguzi mgumu zaidi. Kwa maoni yangu hina iliyokaa usiku mmoja, ingawa haijafikia ukomavu wake, bado ni bora kuliko piko, na upungufu wa wekundu unaweza kusaidiwa siku ya kupambwa kwa kuzungushia maua wanja wa maji kwa brashi nyembamba. Wanja huo, hasa ule usiotoka kwa maji, hufanya tabaka juu ya ngozi, kwa hiyo hupakwa baada ya udhu na huondolewa kabla ya sala inayofuata. Ni kazi ya ziada, lakini huisha usiku ule ule.

Anayeolewa ughaibuni, Muscat, London au Toronto, atakuta rangi ya tatu inayouzwa kwa jina la jagua, itokanayo na tunda la mti wa Amerika ya Kusini uitwao Genipa americana. Hutoa weusi wa kuelekea buluu unaokaa wiki moja hadi mbili bila PPD, ikiwa ni halisi. Mzio wake nao umeripotiwa, na bidhaa za kughushi zipo, kwa hiyo inunuliwe kwa anayetaja viambato vyote.

Wasindikizaji na watoto huchorwa mwishoni, mchoraji akiwa amechoka na wengi wakitaka kumaliza haraka, na hapo ndipo piko hutumika zaidi. Mama mwenye harusi anaweza kulimaliza jambo hilo mapema kwa kukubaliana na mchoraji kwamba watoto hawatapakwa piko kabisa, na kwamba msichana asiyetaka kukaa na rojo saa nne atachorewa ua dogo la hina kiganjani, mahali panapokolea hata kwa saa moja au mbili.

Na ikiwa, baada ya yote haya, bibi harusi ameamua kwamba anataka piko, basi asipakwe na yeyote bila kuiona paketi, asiruhusu ipakwe juu ya ngozi iliyotoka kunyolewa au kusuguliwa, na asipakwe kama alishawahi kuwashwa na piko au rangi ya nywele, hata kama ilikuwa kidogo na zamani. Aliyewahi kuwashwa amweleze hivyo msusi kila anapokwenda kutia nywele rangi, na amweleze daktari wa meno au wa upasuaji kabla ya kutiwa ganzi.